Maficho ya Matawi kwa Mwindaji wa Upinde

Swali la msomaji: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma na kwa sasa ninaishi Madison, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwaka huu nimepata ruhusa ya kuwinda kulungu kwa upinde katika shamba la ng'ombe wa maziwa karibu na Viroqua. Mgongo wangu hauniruhusu kupanda jukwaa la mtini, na hema la kuvizia nililonunua dukani mwaka jana kulungu waliliona mara moja wakageuza njia. Ningependa kujenga maficho ya chini kwa matawi na magogo yaliyopo hapo hapo shambani. Nianzie wapi, kuta ziwe na kimo gani, nikae umbali gani na njia yao, na ujenzi wenyewe niufanye lini?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na ahsante kwa kutoificha habari ya mgongo, kwa sababu jambo hilo linabadilisha ushauri. Ninafundisha uwindaji salama hapa Wisconsin na nimewinda kulungu kwa upinde nikiwa chini kwa miaka mingi, na ninaamini kwa dhati kwamba mwindaji anayekaa ardhini, akijenga vizuri, hapungukiwi na kitu mbele ya mwenzake aliyeko juu ya mti, na zaidi ya hapo anarudi nyumbani bila hatari ya kuanguka. Kuhusu hema lako, kulungu huijua ardhi yake kama mama anavyolijua jiko lake. Kitu kipya kikisimama leo mahali palipokuwa wazi jana, hukiona kabla ya kitu kingine chochote, hasa kikiwa na pande zilizonyooka na madirisha meusi. Matawi yaliyookotwa mahali pale pale hayana shida hiyo, ilimradi yapangwe kwa akili.

Niweke kwanza neno moja sawa kwa ajili ya wasomaji walioko nyumbani. Kulungu ninayemzungumzia hapa ni yule wa Amerika Kaskazini mwenye mkia mweupe, ambaye si ndugu wa karibu wa kulungu wa misitu ya kwetu. Dume wake huangusha pembe kila mwaka katika majira ya baridi na kuota nyingine mpya, ilhali wa kwetu hubaki na pembe zake maisha yake yote. Hata hivyo jina linamfaa, kwa maana wote wawili hupenda kingo za vichaka, hutembea zaidi alfajiri na jioni, na husimama kimya kwa muda mrefu kabla ya kujitokeza mahali pa wazi.

Sasa nije kwenye kiini. Watu wengi hujenga maficho wakifikiria saa tatu au nne watakazokaa ndani yake, lakini maficho ya mwindaji wa upinde hujengwa kwa ajili ya sekunde nne au tano tu, nazo ni zile za kuvuta upinde. Mwenye bunduki anaweza kukaa ameegemea shina, silaha magotini, na wakati ukifika akainua mtutu kidogo tu. Wewe itakubidi unyanyue upinde, uvute ugwe hadi pembeni mwa kinywa huku kiwiko kikitoka nje nyuma ya bega, ulenge, kisha uachie, na haya yote utayafanya mnyama akiwa hatua ishirini tu kutoka ulipo, macho yake yakikaribiana kimo na yako. Kila uamuzi katika ujenzi, kuanzia mahali pa kukaa hadi kijiti cha mwisho utakachosimika, upime kwa swali hilo moja: je, katika sekunde hizo nitaonekana nikisogea?

Inafaa uelewe jicho unalolikwepa. Macho ya kulungu yako kando ya kichwa, hivyo huona takriban nyuzi 300 za mzunguko bila kugeuza shingo, na ni sehemu ndogo tu nyuma yake ambayo haioni. Uchunguzi uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia pamoja na wenzao mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba jicho hilo lina aina mbili tu za chembe za kutambua rangi, wakati letu lina tatu. Kwa sababu hiyo rangi nyekundu na ya machungwa hazimng'arii kama zinavyotung'aria sisi, lakini bluu huiona vizuri sana, na huona pia sehemu ya mwanga wa urujuanimno ambao kwetu hauonekani. Hii ndiyo sababu ninakusihi usivae suruali ya jinzi ndani ya maficho, na usifue nguo zako za kuwindia kwa sabuni yenye dawa ya kung'arisha nguo, kwa kuwa dawa hiyo huzifanya ziwake kwa bluu machoni pake wakati wa machweo. Lakini kuliko rangi yoyote, jicho lile limeumbwa kukamata mwendo, na mkono unaopanda taratibu mbele ya anga tupu utaonekana hata kama umevishwa majani mabichi.

Kutokana na hilo, ukuta wa nyuma una uzito kuliko ukuta wa mbele. Nilijifunza hili kwa hasara. Maficho yangu ya kwanza niliyajenga ukingoni mwa shamba la mahindi, na kwa siku mbili nzima niliufuma ukuta wa mbele kwa matawi ya mwaloni hata ukapendeza, lakini nyuma yangu niliacha wazi, mahindi yakiwa yameshavunwa na mteremko ukipanda hadi kukutana na anga. Jike mmoja alikuja jioni akiwa na watoto wawili, akafika hatua kumi na nane, akainamisha kichwa ale. Nilipoanza kuvuta, kivuli changu kilisogea juu ya anga ile nyeupe kama pazia linapopeperushwa. Alipiga mguu chini mara mbili, akatoa ule mkoromo mkali wa puani wanaotumia kuonyana, na bonde zima likawa tupu hadi usiku. Tangu siku hiyo huanza na mgongo: natafuta kwanza kitu kizito, cheusi na kipana kuliko mabega yangu, nikishakipata nakaa mbele yake, na ukuta wa mbele unakuwa kazi ya saa moja tu.

Kitu bora kuliko vyote ni mti mkubwa ulioangushwa na upepo ukang'oka na mizizi yake, kwa sababu sahani ile ya mizizi na udongo husimama kama ukuta wa mita moja na nusu au mbili, na mara nyingi mbele yake hubaki shimo ambalo miguu yako itaingia. Vilima vya Viroqua vina miti ya namna hiyo mingi. Ukiikosa, tafuta mierezi miwili au mitatu iliyoota karibu karibu, au shina la mwaloni lenye machipukizi mengi chini yake, au ukuta wa mawe kama upo. Kulungu wameshayazoea mambo haya kwa miaka. Unachofanya wewe ni kuongeza matawi machache, na siku inayofuata hawatambui kwamba kuna kilichoongezeka. Tahadhari moja hapa ni ya uhai wako: usikae chini ya mti wa jamii ya ashi uliokauka. Mdudu anayetoboa miti hiyo aligunduliwa Wisconsin mwaka 2008 na ameshaua miti mingi mno, na mti wa ashi uliokufa hukatika matawi bila onyo, hata siku isiyo na upepo.

Baada ya mgongo huja upepo, na hapa sitafupisha, kwa kuwa macho ya kulungu unaweza kuyakwepa lakini pua yake huwezi. Sehemu hiyo ya kusini-magharibi mwa Wisconsin haikufunikwa na barafu kuu za zama za kale kama nchi inayoizunguka, ndiyo maana vilima vyake vina miteremko mikali na mabonde yake ni membamba. Katika nchi ya namna hiyo haitoshi kusikiliza redio ikitaja upepo wa kaskazini-magharibi. Jua likishaupasha mteremko asubuhi, hewa iliyogusana na ardhi hupata joto na kupanda kuelekea juu ya kilima. Jioni kivuli kinapoingia bondeni, hewa hupoa, huwa nzito, na huanza kushuka ikifuata makorongo kama maji. Siku yenye upepo mdogo, mwendo huu ndio unaotawala, na harufu yako itakwenda hewa hiyo inakokwenda.

Maana yake kwako ni kwamba asubuhi hufaa kukaa upande wa juu wa njia ya kulungu, ukikumbuka kwamba kabla ya jua kuugusa mteremko hewa bado inashuka, kwa hiyo ile nusu saa ya kwanza ndiyo yenye hatari. Jioni hufaa kukaa pembeni na chini kidogo ya njia, mahali ambapo hewa inayoshuka itaichukua harufu yako na kuipeleka kwenye korongo kali au kijito ambacho kulungu hawakipitii. Maficho mamoja hayawezi kutimiza kazi zote mbili. Ningekushauri ujenge mawili, moja la asubuhi na jingine la jioni, na ukipata nguvu ujenge la tatu kwa ajili ya siku za upepo wa kusini, kisha uwe na moyo wa kubaki nyumbani siku ambayo hakuna hata moja linalofaa. Kabla ya kujenga chochote, nenda mahali hapo jioni tatu tofauti, kaa, na uachilie hewani nyuzi nyepesi za mbegu zinazofanana na sufi, ambazo utazikuta kwenye magugu ya ukingo wa shamba mwanzoni mwa vuli, au hata unga kidogo. Unga hukuonyesha mwanzo tu, lakini zile nyuzi utaziona zikielea hatua hamsini na zaidi, na mara nyingi utashangaa zinavyopinda mahali ambapo ungeapa kwamba hewa inakwenda moja kwa moja.

Umeuliza umbali. Kwa upinde wa kapi, yaani ule wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake, na mtu ambaye amefanya mazoezi ya kutosha, ningeweka maficho yadi 15 hadi 20 kutoka mahali ninapotarajia kumfyatulia mnyama, yaani mita 14 hadi 18. Chini ya hapo anakusikia ukipumua; zaidi ya hapo kosa dogo la mkono huwa jeraha kwa mnyama. Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, ambao wakati wa kiangazi huvizia usiku karibu na mashimo ya maji nyuma ya maficho ya matawi na mawe, nao hutafuta ukaribu huo huo, na wana msaada wa sumu ya mti wa mdagu kwenye chembe za mishale yao. Sisi hapa hatuna sumu wala hatuitaki. Mshale wetu huua kwa kukata mapafu na mishipa tu, kwa hiyo ni lazima uingie nyuma ya mguu wa mbele, mnyama akiwa amesimama ubavu au amekupa mgongo kwa mshazari. Kwa sababu hiyo usijenge maficho yakiitazama njia uso kwa uso. Yaweke pembeni mwa njia, ili kulungu apite mbele yako kama mtu apitaye barazani, asije akikukodolea macho.

Na kama unatumia mkono wa kulia kuvuta, pembe ya kukaa ina maana kubwa. Mtu aliyeketi akivuta kwa mkono wa kulia hugeuka kwa urahisi kuelekea kushoto, lakini upande wa kulia hufika mahali kiuno kinagoma, na mgongo wako utagoma mapema zaidi. Weka kigoda ili mahali unapotarajia kufyatua pawe kushoto kwako, bega la kushoto likielekea huko, na kifua chako kikiangalia upande ambao kulungu atatokea. Hivyo utamwona akija bila kugeuza kichwa, na akifika utakuwa umeshakaa sawa.

Sasa vipimo, ambavyo ni vya mtu wa kimo cha kawaida. Vyako utavipata kwa kukaa na kupima. Kwenye kigoda cha sentimita 40, ambacho ndicho ningekishauri kwa mgongo wako kuliko kukaa chini kabisa, jicho litakuwa karibu sentimita 115 kutoka ardhini. Mshale hukaa sentimita 10 hadi 12 chini ya jicho linalolenga, na ncha ya chini ya upinde hushuka karibu nusu mita chini ya mshale. Kutoka kifuani hadi ngumi inayoshika upinde ni kama sentimita 70. Kwa hiyo ukuta wa mbele ukae mita moja kamili kutoka kigoda ili upinde wote ubaki ndani, na juu yake uishie kati ya sentimita 85 na 90. Nyuma, acha nafasi ya kiwiko: vuta upinde ukiwa umefumba macho, geuza kiwiliwili kushoto na kulia, na kila kijiti kitakachokigusa kiwiko au magurudumu ya upinde kiondoe siku hiyo hiyo. Ukimaliza utakuta duara la ndani lina mita moja na nusu hivi kwa upana. Hilo linatosha kwa mtu mmoja, podo lake na chupa ya chai.

Kosa linalowaumiza wengi hutokana na zile sentimita 10 za kati ya jicho na mshale. Mwindaji huona mnyama wazi kupitia upenyo, nukta ya kulengea ikiwa juu ya mapafu, akaachia, na mshale ukagonga kitawi ambacho hakukiona kwa kuwa kipo chini ya mstari wa jicho lake. Kosa hilo huongezeka pale ardhi inaposhuka, kwa sababu mshale unaoelekezwa chini hukaribia ukingo wa ukuta. Katika upenyo unaoangalia bondeni, punguza ukuta kwa sentimita 15 nyingine. Halafu fanya jaribio la kweli, usilikwepe: chukua mshale wenye chembe butu ya mazoezi, keti kama utakavyoketi siku yenyewe, na ufyatue kutoka ndani ya maficho kuelekea shabaha laini iliyowekwa kwenye njia. Nimewahi kuwashauri watu kumi wafanye hivyo, na wachache waliofanya ndio waliorudi kunishukuru.

Mapenyo mawili ya kufyatulia yanatosha, matatu ni mengi. Kati ya upande anaotokea kulungu na upenyo wa kwanza, acha shina moja nene au kichaka kizito bila kukigusa, hata kama kinakuzuia kuona. Kichwa cha mnyama kitakapopita nyuma ya kizuizi hicho, macho yake yatafichika kwa sekunde mbili au tatu, na hizo ndizo sekunde zako za kuvuta. Ninaweka mkazo hapa kwa sababu anayejenga kwa mara ya kwanza hufyeka kila kitu mbele yake ili aone vizuri, na kwa kufanya hivyo anajinyima mahali pekee ambapo angeweza kusogea bila kuonekana.

Katika ufumaji wenyewe, anza na fito mbili au tatu zilizolazwa kati ya miti iliyopo, zifungwe kwa kamba ya katani. Nimekulia Tanga, na huenda ninaipenda katani kwa sababu hiyo, lakini ina faida ya kweli: rangi yake ni ya nyasi kavu, haing'ai, na ikisahaulika huoza, wakati nailoni hubaki miaka na miaka ikinasa miguu ya wanyama. Usipige misumari, kwani siku mwenye shamba atakapopasua mti huo msumari utaharibu msumeno wake. Kwenye fito egemeza matawi yakiwa wima au yameinama kidogo, maana mistari ya msituni mingi imesimama, na ukuta wenye mistari iliyolala huonekana kama ua wa boma. Sehemu ya juu iache na vimo tofauti. Usizibe kabisa, ukuta unaopitisha mwanga hapa na pale huvunja umbo lako vizuri kuliko ukuta mzito, na hukuruhusu kumwona mnyama bila kuchungulia juu. Sehemu nzito kabisa iwe kuanzia magotini hadi kifuani, ambapo mikono hufanya kazi.

Aina ya tawi na siku ya kulikata vina siri yake. Tawi la mwaloni lililokatwa Julai au Agosti, likiwa na majani mabichi, hukaukia na majani yake na kuyashikilia vuli nzima, kwa kuwa mti hukata shingo ya jani kwa hiari yake wakati wa vuli tu, na tawi ulilolikata kabla halikupata nafasi ya kufanya hivyo. Ukilikata Oktoba, majani mengi yanaweza kupukutika mapema ukabaki na ufagio. Mierezi hukaa na rangi yake kwa muda mrefu. Misprusi hupoteza sindano haraka, usiitegemee. Msaada mkubwa kwako utakuwa kichaka cha kigeni kiitwacho bakthoni, kilicholetwa kutoka Ulaya, ambacho kimevamia misitu ya Wisconsin na hubaki na majani ya kijani hadi Novemba miti mingine ikiwa imeshavuliwa. Mwenye shamba atafurahi ukikikata kingi uwezavyo. Miche ya mwaloni na mepo (kwa Kiingereza maple), kwa upande mwingine, ni mali yake ya kesho, kwa hiyo mwombe akuonyeshe kwa kidole kinachokatwa na kisichokatwa. Ukitaka siku moja kuwinda katika ardhi ya umma, ujue kwamba huko hukati mmea hai. Utajenga kwa matawi makavu yaliyokwisha kuanguka, na yanatosha kabisa.

Jihadhari na mtambaazi wa poizoni aivi, wenye majani matatu matatu na nywele za kahawia kwenye shina linalopanda mti, maana mafuta yake hubabua ngozi hata wakati wa baridi ukiwa hauna majani. Kupe ni jambo zito zaidi, kwa mtu anayekaa chini. Kupe mwenye miguu myeusi hubeba ugonjwa wa Lyme, Wisconsin ni miongoni mwa majimbo yenye wagonjwa wengi, na kupe waliokomaa hutembea Oktoba na Novemba hata siku za baridi zikiwa juu kidogo ya kuganda. Nyunyizia suruali na viatu dawa ya pamethrini siku moja kabla, iache ikauke nje ya nyumba, na ukirudi kagua mwili wote kabla ya kulala.

Kuhusu wakati, jenga mwishoni mwa Julai au katika Agosti. Msimu wa upinde hapa hufunguliwa katikati ya Septemba na kuendelea hadi Januari, hivyo kulungu watapata wiki kadhaa za kuyapita maficho yakiwa matupu na kuyahesabu kuwa sehemu ya msitu. Siku hiyo hiyo ya ujenzi, kwangua majani yote ndani ya duara hadi udongo utokee, kwa sababu jani kavu la mwaloni likikanyagwa jioni tulivu husikika mbali mno. Kwangua pia kijia cha mwisho cha kuingilia, kama hatua thelathini, kikitokea upande ambao kulungu hawalali wala hawali. Baada ya hapo usirudi kila wiki kwenda kuangalia. Rudi mara moja tu, siku chache kabla ya kuwinda, mchana, ikiwezekana mvua ikikaribia, uongeze matawi machache na kukwangua majani mapya. Siku hiyo mwombe rafiki akae ndani na avute upinde, wewe ukipita kwenye njia ya kulungu, magoti yamekunjwa hadi macho yako yawe kimo cha mita moja. Ukiona mkono wake, ongeza tawi hapo ulipouona, tena afadhali nyuma yake kabla ya mbele.

Kuna kipindi ambacho uzuri wa maficho haya hugeuka kuwa hatari, nacho hasa ni zile siku tisa za msimu wa bunduki zinazoanza Jumamosi kabla ya sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba. Katika siku hizo sheria ya Wisconsin humtaka kila anayewinda kulungu, hata mwenye upinde, avae rangi ya machungwa inayong'aa au waridi inayong'aa kwenye angalau nusu ya mavazi ya nje ya juu ya kiuno. Usilione jambo hili kuwa usumbufu. Umejificha kwa ustadi mahali ambapo kulungu hupita, na mtu mwenye bunduki kwenye kilima cha pili anatazama mahali pale pale. Vaa vazi hilo, na ufunge kitambaa kikubwa cha rangi hiyo juu ya maficho, kionekane pande zote. Jicho la kulungu, kama nilivyoeleza, haliioni rangi hiyo kama tunavyoiona. Kanuni nyingine, pamoja na zile za ardhi ya umma, zisome upya kila mwaka katika kijitabu cha Idara ya Maliasili ya jimbo, kwani hubadilika. Na kama ulizaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye, hakikisha una cheti cha mafunzo ya mwindaji kabla ya kununua leseni.

Msimu ukiisha Januari, rudi shambani, kata kamba, toa kigoda, na uyaache matawi yalipoegemea. Sungura watahamia humo kabla ya theluji kuyeyuka, na mwezi wa Julai utakuta msingi wa kuanzia.